Trampolini ya uani: kagua wavu kabla ya kuuliza bei

Kila shule zikifungwa, akina mama wa Njiro na Sakina hapa Arusha, mpaka Moshi, huniuliza ninunue trampolini ipi. Malalamiko nayo yanafanana: wavu wa pembeni wa kumzuia mtoto asianguke ulionekana mzima, mtoto akauegemea, ukachanika, akaanguka chini akiangukia mkono.

Kwa hiyo ukubwa na rangi mtaamua wenyewe. Mimi nina neno na wavu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa ubaridi wetu tunasahau kwamba jua la huku ni kali. Mionzi yake hula nyuzi za plastiki taratibu. Shika wavu kwa vidole, usokote kwa nguvu. Wavu ukitoa unga au nyuzi zikakatika, hilo ni pazia tu. Kagua na mishono, maana wavu unaweza kuwa mzima huku uzi ulioushona umeshaoza. Halafu muulize muuzaji kama wavu wa kubadilisha unapatikana peke yake. Akianza kukuonyesha ngazi na mpira wa bure, umeshajibiwa.

Namba moja kwangu ni Springfree, na sifichi. Imebuniwa New Zealand na Keith Alexander. Haina springi pembeni. Fito za faibaglasi zimekaa chini ya turubai la kurukia, mtoto hana chuma cha kujigonga anaporuka. Wavu na vipuri vyake vinauzwa. Ni ghali, na utaagiza kutoka nje.

Namba mbili, BERG ya Uholanzi. Ina springi, ila vipuri vinaagizika. Kwa yoyote yenye springi, wavu ushuke upande wa ndani wa springi, na sponji ya kuzifunika isiwe ya kuteleza.

Mtumba? Sawa, kama wavu umepita kipimo cha vidole na miguu haina kutu. Ya fundi wa kuchomelea yenye wavu wa goli, hapana.

Hata wavu mpya hauzuii watoto kugongana. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani hakishauri kabisa trampolini za nyumbani, na kinasema karibu robo tatu ya majeraha hutokea wanaporuka zaidi ya mmoja. Anayeumia mara nyingi ni yule mdogo. Ukiamua kununua, aruke mmoja mmoja, mkubwa yupo, na wa chini ya miaka 6 asubiri.

Sasa nyie wauzaji. Picha nzuri, bei "njoo inboksi". Ukifika inboksi unatajiwa dola, wakati tangu 2025 kanuni zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ukishakubali, unaambiwa wavu una bei yake! Trampolini bila wavu mnamuuzia nani? Mzazi, dai bei moja kwa shilingi, wavu ukiwemo, iandikwe kwenye risiti.