SeaWorld Orlando kwa Siku Moja: Kapande Mako, Pomboo Kawaone Wasini

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Hizo honi mnazosikia ni matatu za Buruburu, mzizoee tu, leo sina studio. Nachambua SeaWorld ya Orlando, bustani ya michezo na wanyama wa baharini kule Florida, maana kila mwenye shangazi Marekani ananiuliza swali lile lile: nikiwa na siku moja tu, hela yangu niipeleke pale au niiache mfukoni?

Jibu nalitoa sasa hivi, mwenye haraka aende zake. Kama unafuata rola kosta, yale mabehewa yanayopanda na kuteremka relini kwa kasi, ipeleke na usisite. Kama unafuata pomboo, weka hiyo hela, panda treni ya SGR ushuke Mombasa, kisha uende zako Wasini, kile kisiwa cha pwani ya kusini. Wenye muda kaeni niwaeleze.

Safari yenyewe siichukulii muda. Kenya Airways wana ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA hadi New York, halafu unaunganisha nyingine ya kwenda Orlando. Tiketi ya kuingia nunua mtandaoni mapema, kwa sababu bei inabadilika kulingana na siku, na ya langoni ndiyo huwa juu. Kuegesha gari kunalipiwa kando. Ya viza siyagusi, hiyo ni video ya mtu mwenye moyo mgumu kuliko mimi.

Haya, utamu wenyewe. Rola kosta iitwayo Mako.

Jina ni la papa, yule anayewapita papa wote kwa mbio, na walioiita hivyo hawakudanganya. Ilifunguliwa 2016. Kileleni ni mita 61 kutoka chini, na reli nzima ina karibu kilomita moja na nusu. Ukitaka kuielewa hiyo 61, simama chini ya KICC, inua macho upite katikati ya jengo, halafu ujiweke pale juu kwenye kiti kisicho na mlango wala mkanda wa mabegani. Kilichokushika ni chuma kimoja tu cha mapajani.

Matatu zetu sheria imezifungia mwendo wa 80. Mako inafika kilomita 117 kwa saa, na behewa lenyewe halina injini! Mnyororo unawavuta mpaka juu, unawaachia, basi, kazi yake imeisha. Kinachowakimbiza kuanzia hapo ni uzito wenu wenyewe na ule mteremko. Ndiyo maana kilima cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote. Kila mnapoendelea, upepo na msuguano wa magurudumu vinakula kasi kidogo kidogo, kwa hiyo vilima vinavyofuata havina budi kuwa vifupi.

Na kuna kitu hapo ambacho kamera haikioneshi. Mkifika juu ya kilima, behewa linaanza kuteremka ilhali mwili wako bado unapanda. Makalio yanaachana na kiti. Unaelea. Ni sekunde chache tu, kisha inarudia kilima kinachofuata, na kinachofuata, na kile kingine. Haikugeuzi kichwa chini hata mara moja, wala haihitaji.

Nilipanda na mpwa wangu, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Foleni nzima ananicheka. "Anko, usinililie huko juu, watu wanatuangalia." Sawa, baba. Tukavutwa, tukavutwa, miti ikawa kama sukuma wiki iliyokatwakatwa huko chini. Karibu na kilele nikasikia mkono umenishika kiwiko.

"Anko, tushuke."

Nikamwambia, "Usijali, tunashuka sasa hivi."

Sitawaambia ni nani alipiga kelele zaidi, ila sauti ilinikauka mpaka jioni.

Ya pili ni Manta, ya 2009. Manta ni yule samaki mkubwa bapa aitwaye taa, na hapa wamefanya jambo la akili: kabla ya kufika kwenye behewa unapita mbele ya matangi yenye taa hai, unawaona wanavyopiga mabawa polepole. Halafu unakaa, unafungwa, na kiti kinakulaza kifudifudi. Uso chini, miguu nyuma. Unaruka ulivyo, kifua mbele. Kasi yake ni 90 hivi, chini ya Mako, lakini ukiwa umelala hivyo ukiitazama ardhi inavyokujia, namba hazina maana. Kuna mzunguko mmoja ambao ukifika chini yake unakuwa chali, na pale mwili unakandamizwa kitini mpaka mashavu yanavutwa kuelekea masikioni. Mwenye shinikizo la damu, mwenye matatizo ya shingo au mgongo, na mama mjamzito, hiyo muiangalie kwa chini tu mkitushikia mikoba.

Nyingine nitazipitia mbio. Kraken, ya mwaka 2000, miguu inaning'inia na unageuzwa kichwa chini mara 7. Wanaopenda kizunguzungu ndiyo yao. Pipeline, ya 2023, unaipanda umesimama kana kwamba uko juu ya ubao wa mawimbi, na kiti kinapanda na kushuka pamoja nawe. Mimi nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Ice Breaker inakurusha mbele na nyuma kabla ya kukupandisha ukuta uliopitiliza wima.

Wenye watoto, nisikilizeni hapa. Mako, Manta na Kraken zinataka mtoto wa sentimita 137 kwenda juu, na wanapima kwelikweli. Hakuna cha "huyu ni mkubwa, boss, ni vile amechoka." Mpime nyumbani kabla ya kumwahidi chochote. Wa sentimita 107 anaweza kupanda Penguin Trek, iliyofunguliwa 2024, na ukishuka unatokea kwa pengwini wenyewe, kwa hiyo hata mdogo ana la kusimulia.

Mvua pia. Miezi ya kiangazi cha kule, Juni mpaka Septemba, radi za alasiri ni jambo la kawaida Florida, na radi ikikaribia rola kosta za nje husimamishwa. Kwa hiyo lango likifunguliwa, wakati wengine wanapiga picha, wewe elekea Mako moja kwa moja, kisha Manta. Wanyama wanaweza kusubiri.

Sasa hao wanyama. Hapa najua nitagombana na watu, na niko tayari.

SeaWorld ya Orlando ilifungua milango Desemba 1973. Kufikia hapo hifadhi ya bahari ya Malindi ilikuwa na miaka 5, maana ilitangazwa 1968. Sisi tuna bahari iliyolindwa tangu zamani, na bado kuna mtu wa Nairobi anayeweza kupanga safari ya mabara mawili kumwona pomboo akiruka kwa kupewa samaki. Nenda Shimoni, panda mashua, vuka upande wa Kisite, hifadhi ya bahari iliyo jirani na Wasini. Hakuna ratiba, hakuna muziki, na hakuna anayekuahidi kwamba watatokea. Lakini wakitokea wanacheza mbele ya mashua kwa hiari yao, na hujui watakaa dakika ngapi. Kati ya Julai na Septemba, ukiwa Watamu, unaweza kumwona nyangumi mwenye nundu akipita na safari zake.

Orka, wale wanaoitwa nyangumi wauaji, ndio walioniacha kimya. Ni mnyama mzuri kupita maelezo, na huko baharini anaweza kuogelea zaidi ya kilomita 100 kwa siku moja. Pale yuko kwenye bwawa. Mwaka 2010 mkufunzi aliuawa na orka papo hapo Orlando, na tangu hapo wakufunzi hawaingii tena majini nao wakati wa maonyesho. Mwaka 2016 kampuni ikatangaza kwamba haitawazalisha tena, kwa hiyo hawa waliopo ndio kizazi cha mwisho. Nilitazama, sikupiga makofi. Wewe utaamua lako.

Ila haki yao niwape. Sehemu iliyonishika kuliko maonyesho yote ni ile ya wanyama wanaookolewa. Kuna manatii, ndugu wa karibu wa nguva wetu wa Lamu na Kiunga, mnyama mnene, mpole, asiye na haraka. Wengi wao wanafika pale wamekatwakatwa na mapanga ya injini za boti. Nilimwona mmoja ana makovu mgongoni, mistari iliyopangana sawasawa, umbali ule ule kati ya mmoja na mwingine, na unajua mara moja kwamba ni panga linalozunguka. Alikuwa anakula saladi, jani moja moja, anashika kwa mdomo wa juu kama vidole. Wanaopona hurudishwa majini. Pale nilikaa mpaka mpwa wangu akaja kunivuta.

Chakula ni ghali, kama ilivyo kwenye bustani za namna hii kokote duniani, kwa hiyo kunywa chai nzito kwa shangazi kabla ya kutoka. Simu na miwani weka kwenye loka, ya kulipia, lakini lipa tu. Na viatu vaa vya kufunga kwa kamba, hasa kwa ajili ya Manta na Kraken. Kandambili ikikuponyoka huko juu usiulize imeanguka wapi.