Kitini cha mtihani wa leseni ya umwagiliaji: kinamfaa fundi wa Mtwara?

Kitini hiki cha maswali na majibu kinauzwa kwa fotokopi kwenye steshenari za Mtwara mjini. Kimetungwa kwa wanaofanya mtihani wa leseni Texas, Marekani, ambako hufungi sprinkla (vinyunyizio vya maji) za nyasi kwa malipo bila leseni. Kwa fundi anayehudumia ukoka wa hoteli na nyumba za Shangani, nusu yake ni mali. Kurasa za kulinda mabomba dhidi ya barafu zifungie maandazi.

Hesabu ya kiasi cha maji imeelezwa vizuri, ila kwa galoni, futi na namba 96.25 ya kugeuza vipimo hivyo kuwa inchi kwa saa. Achana nazo: lita kwa dakika zidisha kwa 60, gawa kwa mita za mraba. Uwanja wa mita 10 kwa 10 wenye sprinkla nne za kona, kila moja lita 5 kwa dakika, ni 20 × 60 ÷ 100, yaani milimita 12 kwa saa.

Kinapotosha kwenye ratiba. Kinataka milimita 25 mara moja kwa wiki, jambo linalofaa udongo mzito. Mchanga wa huku hauyashiki maji: ukoka wenye mizizi ya sentimita 15 unafaidi milimita 6 au 7 hivi, yaliyobaki yanakwenda zake chini. Fungulia nusu saa kila baada ya siku moja au mbili, alfajiri, kabla kusi halijaanza kupeperusha maji barabarani.

Presha ndiyo tatizo kubwa. Maswali yanaanzia psi 50 (paundi kwa inchi ya mraba), karibu bar 3.5. Tenki kwenye mnara wa mita 6 linatoa bar 0.6 tu, sprinkla ya kuchomoza, ile inayolala ardhini na kuinuliwa na presha ya maji, inayotaka bar 2 itainuka nusu na kujimwagia maji miguuni. Bila pampu hakuna kazi, na kitini hakigusi hilo.

Sura ya maji kurudi nyuma isome mara mbili. Maji ya mgao yakikatika, bomba hunyonya tope na mbolea ya bustani hadi kwenye maji ya kunywa. Valvu ya presha ya kuvunja mnyonyo, inayoingiza hewa bombani ili lisinyonye, ikae angalau inchi 12 juu ya sprinkla iliyo juu kuliko zote.

Kabla ya kulipa, fungua jedwali la msuguano wa bomba, linaloonyesha presha inayopotea maji yakipita bombani. Kopi nyingine zimekatwa safu ya mwisho, ya bomba la inchi 2, na maswali matano ya mwisho yanaitegemea hiyo hiyo.