Nimehama king'amuzi, nimefunga faiba: bili ya Sakina imeshuka hivi

Kabla ya kuhama, nyumba yetu hapa Sakina, Arusha, ilikuwa inalipa karibu laki moja kwa mwezi ya king'amuzi. Juu yake kulikuwa na bando za simu, yangu, ya baba watoto na ya kijana wetu wa sekondari, na hizo zilimeza kama elfu themanini nyingine. Sasa hivi tunalipa 55,000 ya faiba, yaani intaneti ya waya, na 28,000 ya king'amuzi kingine. Basi.

Kilichonisaidia ni kukaa na kuuliza nani anaangalia nini hasa. Baba watoto ni Yanga damu, na Ligi Kuu iko Azam, ambao mwaka 2021 walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Mama mkwe anataka tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na taarifa ya habari saa mbili usiku. Watoto ni YouTube tu. Kumbe kifurushi kikubwa kilikuwa kinatubana kwa ajili ya ligi ya Uingereza, na mtu aliyekuwa anaiangalia kwa moyo wote ni shemeji, anayekuja Jumamosi na hachangii hata mia. (Shemeji, ukisoma hapa, karibu chai, mpira kaangalie kibanda umiza.)

Kuacha king'amuzi cha zamani hakukuwa na usumbufu wowote kwa sababu malipo ni ya kabla: ukiacha kulipa, imekwisha. Wakaanza kunipigia simu za ofa ambazo sikuwahi kupewa nilipokuwa mteja mwaminifu. Ila boksi lenyewe sasa halina kazi, maana halifungui chaneli za kampuni nyingine. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya kuhama, weka na bei ya king'amuzi kipya, dishi na fundi. Sisi fundi alilazimika kulihamishia dishi upande wa pili wa paa, kwa sababu mgrivea wa jirani ulikuwa umeziba njia. Mvua kubwa ya masika ikishuka kutoka Meru picha bado inagandaganda, na hilo ni la dishi lolote.

Faiba ndiyo iliyonipa shida mwanzoni. Wakala alisema, "Dada, kesho tu mafundi wanafika." Walifika baada ya wiki na ushee, wakasema nguzo iko mbali, waya wa ziada ni juu yangu. Nikakataa, nikaomba waniandikie gharama zote, na ghafla waya ukapatikana. Ushauri wangu: usilipe chochote kabla hujaona kwa macho yako kama kiboksi cha faiba kipo kwenye nguzo ya mtaa wenu. Kama kampuni haikusikilizi, malalamiko yanapokelewa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na wana ofisi ya kanda hapahapa Arusha.

Kasi niliyonunua ni Mbps 20. Watu wengi wanadhani hiyo ni MB 20 kwa sekunde. Mbps ni megabiti, na biti 8 ndizo baiti moja, kwa hiyo gawanya kwa 8, unapata MB 2.5. Inatosha kabisa. Video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na hapo ndipo bando za simu zilikuwa zinatumaliza, hasa wakati wa likizo. Chumba cha mwisho mtandao ulikuwa dhaifu kwa sababu ya kuta za tofali, nikaitoa ruta nyuma ya televisheni nikaiweka juu ya kabati la koridoni, ikawa nafuu.

Jambo ambalo hakuna wakala atakwambia: umeme ukikatika, ruta inazima, na unarudi kwenye bando la simu. Nimenunua yupiesi (UPS, betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inayobeba ruta na kile kiboksi cha ukutani ambako waya wa faiba unaingilia. Bila hiyo, mwezi wenye mgao unaweza kukurudisha kulekule kwenye matumizi ya zamani. Kila mmoja wetu bado ana bando dogo la wiki la kutumia njiani, na hilo sijalihesabu kwenye zile 83,000.

Huduma kwa wateja wa faiba nawapa tatu kwa tano. King'amuzi kipya nakipa nne, na ile moja nimeikata kwa ajili ya rimoti.