Kioo cha ukutani nyuma ya jiko la gesi, uzoefu wangu

Kama we ni mtu wa kukaanga samaki na maandazi utanielewa. Ukuta wa nyuma ya jiko langu ulikuwa na vigae vizuri tu ila ile mistari ya grauti katikati ya vigae ndo ilinishinda, mafuta yanaingia yanagandia humo, unasugua na brashi na jiki mpaka vidole vinawaka na bado mistari ina rangi ya chai. Nikaamua niweke kioo, si cha kujitazamia, ni kile kinachopakwa rangi nyuma, kipande kimoja kizima kuanzia kwenye kaunta mpaka chini ya feni ya moshi.

Duka la kwanza nililoingia hapa Dar wakanambia watanikatia kioo cha kawaida cha madirisha, wapake rangi nyuma, bei chee. Nikaondoka. Jamani nyuma ya moto wa gesi usikubali hicho, katikati kinapata joto kali pembeni kumepoa, kinapasuka, na kikipasuka ni mapande marefu yenye ncha. Kinachotakiwa ni tempadi, kile kinachopashwa kwenye tanuru zaidi ya digrii 600 halafu kinapulizwa upepo kipoe ghafla, joto la jikoni halikisumbui na hata kikivunjika kinakuwa punje punje. Mimi nimeweka cha milimita 6.

Fundi niliyempata baadae ndo kanifurahisha kweli. Alikataa kabisa kupima mpaka granaiti ya kaunta iwekwe na makabati yafungwe, akanambia "dada, hiki kikishatoka kwenye tanuru hakikatwi wala hakitobolewi, kama soketi unataka kuihamisha ihamishe leo." Na kweli, matundu yote yanakatwa kabla, kwa hiyo mwite fundi umeme wako kwanza muelewane soketi zinakaa wapi. Siku ya kupima alikuja na kipande cha plaiwudi akakisimamisha ukutani akachora kila kitu, soketi, kona, hadi pale ukuta ulipopinda kidogo ambapo ukipima kwa futi tu hupaoni. Kioo kilipoletwa kiliingia chenyewe.

Kwenye rangi chukua muda wako. Kioo cha kawaida kina ukijani ndani yake, ukipaka nyeupe nyuma inavuta kijani, weka sampo juu ya karatasi nyeupe utaona mwenyewe. Kipo kile cheupe kabisa kisicho na ukijani, kinatengenezwa kwa malighafi yenye madini ya chuma kidogo, ila bei imechangamka. Mi nikachagua kijani iliyokolea, hapo ukijani wa kioo hauna madhara na hela nimeokoa.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa, kazi ni ukuta. Vigae vilibanduliwa, ikapigwa plasta na skimu ya kulainisha ukuta, ukaachwa ukauke vizuri ndo kioo kikaja. Silikoni, ile gundi ya kubandikia kioo, waulize ni ipi wanatumia, ile yenye harufu kali ya siki inaweza kula rangi ya nyuma ya kioo, itakiwayo ni nyutro, isiyo na hiyo siki. Alikalisha kioo juu ya vipande vidogo vya plastiki kisigusane na granaiti, akakishika kwa tepu mpaka kesho yake, zile plastiki zikatolewa akajaza silikoni chini.

Sasa hivi nikimaliza kukaanga ni kitambaa na sabuni ya vyombo kidogo, basi, ukuta umetakata. Hili tu nimelipenda kuliko kitu chochote nilichoweka kwenye hilo jiko.

Ila rangi iliyokolea inaonyesha kila tone. Sisi huku tunatumia maji ya kisima yana chumvi, yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe na inabidi uyatoe kwa siki, kwa hiyo upande wa sinki nimeacha vigae vyangu vile vile. Kama kwenu ni maji ya bomba unaweza kuzungusha kioo jiko zima, ingawa kwa bei yake mi naona nyuma ya moto panatosha.