Chumvi ya barabarani imeisha: pesa ya kusafisha gari ianzie wapi?

Wiki ya pili ya Aprili hapa Minneapolis, Marekani, theluji imebaki vilima vyeusi kwenye kona za maegesho, na magari yote mtaani yana rangi moja. Ukipitisha kidole mlangoni kinatoka cheupe kama umechovya kwenye unga. Ndani ndiyo usiseme. Letu ni Toyota Sienna: watoto watatu, shule, kanisa, na Jumamosi nyingi sufuria la pilau limebanwa katikati ya miguu ya mtu kuelekea kwenye shughuli. Tangu Novemba kila kiatu kilichopanda humo kimepanda na theluji yenye chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Hii ni mara ya nane nalitoa gari kwenye baridi. Nimenunua karibu kila kinachokaa kwenye rafu za maduka ya vipuri, na vingine nilivinunua mara moja tu. Nimevipanga hapa kwa namna ninavyoitoa pesa: mwenye dola 15 asome cha kwanza na aishie hapo, mwenye 200 ashuke hadi cha nne. Bei ni za makadirio, za huku kwetu.

1. Kuosha uvungu (dola 10 hadi 15)

Mwaka wangu wa pili huku nililipa dola 240 kwenye duka moja la usafi wa magari. Gari lilitoka linang'aa, siti zinanukia, matairi meusi tititi. Mwezi Juni nikalipeleka kwa fundi mmoja wa Bukavu kubadilisha oili. Akalinyanyua, akaniita chini yake, akachokonoa karibu na ekseli ya nyuma kwa ncha ya bisibisi. Kipande cha kutu cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kikamdondokea kiganjani. "Mama, ulisafisha uso tu," akaniambia. "Huku chini haukugusa." Kwenye ile risiti ya dola 240 neno uvungu halikuwepo, na mimi sikuwa nimeuliza.

Chumvi wanayomwaga barabarani kwa asili ni ileile ya jikoni, isiyosafishwa. Inayeyusha barafu vizuri hadi kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, huongeza kloridi ya magnesiamu au ya kalsiamu, na hizo mbili zina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana uvungu haukauki hata siku ya jua. Na kutu haiendi mbio kwenye baridi kali. Inaenda mbio joto linapopanda na unyevu ukiwepo. Kwa hiyo gari lililovumilia Januari nzima huliwa Aprili na Mei, wakati mwenyewe ameshasahau.

Njia nzuri kuliko zote ni kibanda cha kujioshea, kile cha kulipia kwa dakika chenye bunduki ya presha. Vaa suruali mbovu, piga goti. Elekeza maji ndani ya madigadi yote manne, nyuma ya kila gurudumu, chini ya kingo za milango, kisha uzunguke upige ekseli ya nyuma. Usikimbie, ukiona maji bado yanadondoka ya kahawia, hujamaliza. Injini iache, presha na nyaya havipatani.

Ya pili ni mashine ya kuoshea ambayo gari hupita ndani yake, lakini chagua ile huduma inayorusha maji kutoka chini. Si kila kifurushi kinayo, na cha bei ya chini mara nyingi hakina. Ya tatu wengi wananicheka nikiitaja: kile kinyunyizio cha bustani cha dola 10. Kiweke chini ya gari, fungulia maji dakika kumi, kisogeze, dakika kumi tena. Hakina nguvu ya presha ila kinalowesha na kuyeyusha, na chumvi inachotaka ni kuyeyushwa. Egesha kwenye nyasi kama mwenye nyumba anaruhusu, maana mifereji ya barabarani hapa inaishia kwenye maziwa na mto Mississippi bila kusafishwa.

Ukimaliza, fungua milango uangalie ukingo wake wa chini kabisa. Kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na tope la baridi, maji yanakaa ndani ya mlango na mlango unaoza kuanzia ndani. Mimi navizibua kwa kijiti cha meno.

Fanya hili mara mbili: sasa, na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza kuziosha barabara. Aprili ya huku ina visa. Lori la chumvi linaweza kurudi Jumanne wakati Jumapili ulivaa kandambili.

2. Mashine ndogo ya kunyonya maji kwenye kapeti (dola 100 hadi 130)

Kwa gari la familia, hapa ndipo pesa inapoonekana. Vakyumu ya kawaida inachukua mchanga na vipande vya chapati. Chumvi iliyokwishaingia kwenye nyuzi za kapeti haiigusi. Ile mistari myeupe miguuni mwa dereva utaivakyumu leo, kesho imerudi, kwa sababu unyevu unaipandisha kutoka chini. Inayeyushwa kwa maji na kunyonywa, basi.

Ninayotumia ni Bissell Little Green, ina mwaka wa tano. Inarusha maji na kuyanyonya kwa mkono huohuo, na matangi yake mawili yako wazi kwa macho. Kabla ya hapo nilikuwa nakodisha ile mashine kubwa ya kwenye maduka makubwa, dola 30 na kitu kwa siku ukijumlisha sabuni. Kukodisha kuna maana kama una gari moja na zulia la sebuleni la kufanya siku hiyohiyo. Ila ukishakuwa na mtoto anayetapika kwenye kona, unataka mashine iwe kwako saa tatu usiku, siyo dukani.

Sabuni yake usinunue kwa ajili ya chumvi. Changanya siki nyeupe na maji ya moto kiasi, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kunyunyizia. Piga vakyumu kavu kwanza, hili usiliruke, la sivyo unatengeneza tope. Nyunyiza siki, acha dakika tano, sugua kwa brashi laini, kisha nyonya. Halafu pitisha maji matupu na unyonye tena. Mwaka jana tangi la kwanza la upande wa dereva lilitoka kama chai ya maziwa iliyochacha, la pili kama maji ya kuoshea mchele, la tatu nikaona kiganja changu upande wa pili. Hapo ndipo nikahama siti. Harufu ya siki inaondoka ndani ya siku moja au mbili ukiacha vioo wazi. Weka na feni kama unayo, kwa sababu kapeti likibaki bichi utakuwa umebadilisha chumvi kwa ukungu.

Povu la kwenye kopo nililiacha. Linasafisha juu, linaacha mabaki yanayonata, na baada ya wiki mbili doa lina vumbi kuliko mwanzo.

Siti ya mtoto ni habari nyingine. Kitambaa kivue ukifue kama kitabu chake kinavyosema, lakini mikanda usiiloweke wala kuipaka dawa yoyote. Ifute tu kwa kitambaa na sabuni laini. Dawa kali hudhoofisha nyuzi, na mkanda ule una kazi moja tu. Yale makombo ya kwenye kifungio yatoe kwa kuigeuza siti juu chini na kuipiga makofi nje. Utashangaa.

Mipira ya miguuni inatosha kuoshwa kwa brashi na maji. Usiipake mafuta ya kung'arisha hata kama muuzaji atasifia, kiatu cha dereva kitateleza kwenye breki.

3. Shampuu ya gari, ndoo mbili na glavu ya kuoshea (kama dola 40 kwa pamoja)

Sabuni ya vyombo iache jikoni, inadhoofisha waksi, ile nta inayolinda rangi. Shampuu yoyote ya gari ya dola 10 inafaa. Mimi nina Meguiar's Gold Class kwa sababu ndiyo niliyoikuta imeshushwa bei, na sijaona sababu ya kuhama. Ndoo mbili ndizo muhimu: moja ya povu, moja ya kusuuzia glavu kabla haijarudi kwenye povu. Gari lililotoka kwenye baridi limefunikwa na mchanga mwembamba, na ukitumia ndoo moja unakuwa unalipiga msasa. Ile mikwaruzo ya mviringo unayoiona juani kwenye magari meusi inatokana na hapo, na kwenye brashi za mashine za kupita ndani.

Suuza kwa presha kwanza, osha kutoka juu kwenda chini, kausha kwa taulo la maikrofaiba. Taulo hilo ukilifua usitie dawa ya kulainisha nguo, litaacha kunyonya.

Kama unatoa matairi ya msimu wa baridi mwezi huu, muombe fundi akusubiri dakika kumi. Gurudumu likiwa nje ndipo unaweza kuosha rimu upande wa ndani, mahali ambapo mkono hauingii mwaka mzima.

4. Waksi (dola 20 hadi 30)

Collinite 845. Chupa moja inakwenda miaka kadhaa kwa gari moja, inavumilia chumvi, na haihitaji ustadi: paka nyembamba kabisa, kivulini, bodi ikiwa ya baridi, acha ikauke, futa. Wanaokosea ni wale wanaopaka nyingi kama losheni, halafu wanafuta hadi bega linauma. Baba watoto anapendelea ile ya kunyunyiza ya Turtle Wax kwa sababu anamaliza gari zima kwa dakika ishirini. Simlaumu, ila ya kwake ninaiona imechoka mapema, maji yanaacha kujikunja kuwa matone. Kama unajijua hutapaka waksi ya kusugua, nunua ya kunyunyiza.

5. Udongo wa kusafishia rangi (dola 20)

Fanya jaribio kwanza. Osha gari, likauke, ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, pitisha vidole juu ya boneti. Kukiwa laini kama sahani, huhitaji kitu, pita. Kukikwaruza kama karatasi ya msasa, ni chembe za chuma na lami zilizojichomeka, na kwenye gari jeupe utaziona kama vidoti vya rangi ya chungwa. Udongo wenyewe ni donge laini la kufinyanga linalozing'oa chembe hizo; unaupitisha pamoja na maji ya kutelezesha, na ukiudondosha chini, hata mara moja, utupe. Mimi hufanya mwaka mmoja naacha mmoja. Ile dawa ya kuyeyusha chuma inayogeuka zambarau inapendeza kuitazama, lakini inanuka mayai viza na watoto hawatakusamehe.

6. Kumlipa mtu akufanyie yote (dola 250 hadi 400 kwa gari la aina hii)

Kuna wakati inastahili: unaliuza gari, una mimba, mgongo unauma, au kuna maziwa yaliyomwagika Desemba na hukuyajua hadi Machi. Kabla hujalipa uliza maswali mawili kwa simu. Kapeti mnalinyonya kwa maji au mnapiga vakyumu tu? Na uvungu umo kwenye bei? Akisitasita kwenye la pili, mshukuru ukate simu. Vijana wanaokufuata nyumbani na gari lao la kazi mara nyingi wako nafuu na wanafanya ndani vizuri, lakini uvunguni hawafiki, kwa hiyo uoshe mwenyewe kabla hawajaja.

7. Kinachobaki mwisho

Kupakwa seramiki dukani, yaani tabaka gumu la kulinda rangi, kitu cha mamia ya dola na wakati mwingine zaidi ya elfu. Kwa gari jipya la mtu anayelipenda kama mwanawe, sawa. Kwa Sienna iliyochorwa na baiskeli pande zote mbili, unahifadhi michoro.

Dawa ya kuzuia kutu ya mafuta ya sufu, kama Fluid Film, ni nzuri kweli, ila si ya sasa. Hiyo ni ya Septemba au Oktoba, uvungu ukiwa mkavu na safi. Ukiipaka leo unaifungia chumvi ndani.

Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, hapana. Kama gari linanuka ukiwasha kipupwe baada ya kapeti kuwa safi, nunua filta ya hewa ya ndani, kama dola 15. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Unakibana pembeni, kinashuka, unavuta kifuniko, dakika tano bila bisibisi. Dukani watakutoza mara tatu au nne ya hapo. Yangu mwaka huu niliivuta taratibu, nikakuta imejaa majani makavu, pamba ya siti na maganda ya karanga yaliyopangwa vizuri kwenye duara. Panya alikuwa amelala humo baridi yote, kwenye joto letu, na karanga zilikuwa za kwetu.