Fungitell kwa majeruhi mahututi: amini hasi yake, chunguza chanya yake

Fungitell ni kipimo cha damu kinachopima beta-D-glukani, sukari ya ukuta wa seli ya kuvu inayoingia kwenye damu. Chini ya pikogramu 60 kwa mililita ni hasi, 80 na kuendelea ni chanya, na zilizo katikati hazitoi uamuzi.

Tatizo ni kwamba majeruhi hubeba glukani isiyotoka kwa kuvu. Shashi za pamba zilizojazwa tumboni kuzuia damu zinayo. Albumini (protini ya damu) na imyunoglobulini (kingamwili) zinazotiwa mshipani huweza kuja nayo kutoka kwenye vichujio vya selulosi, na utando wa selulosi wa mashine ya kusafisha figo vilevile. Ndiyo maana siku chache za mwanzo baada ya upasuaji namba hupanda bila maambukizi yoyote. Chanya moja ya siku ya pili isianzishe dawa ya kuvu peke yake. Rudia kipimo mara mbili kwa wiki: kinachotisha ni namba inayozidi kupanda wakati shashi zimekwishatolewa.

Hasi ndiyo inayokipa kipimo hiki thamani. Hasi mbili mfululizo, mgonjwa akiwa anaendelea vizuri, ni sababu nzuri ya kusimamisha dawa iliyoanzishwa kwa kushuku kandida, kuvu inayoshambulia sana wagonjwa mahututi.

Lakini kidonda kilichoingia udongo au vipande vya mti ni habari nyingine kabisa. Baada ya kimbunga cha Joplin, Missouri, Mei 2011, majeruhi 13 walipata maambukizi ya kuvu za kundi la Mucorales vidondani, na 5 wakafariki. Fungitell haizioni kuvu hizo, wala haiaminiki kwa kuvu iitwayo Cryptococcus. Kingo za kidonda zikirudi kuwa nyeusi kila baada ya kusafishwa, peleka kipande cha nyama patholojia na maabara ya kuotesha siku hiyohiyo, hata damu ikisema hasi.

Maabarani kazi ni nyepesi ila haisamehi uzembe: mikrolita 5 za seramu (majimaji ya damu) katika kila kishimo cha sahani ya kupimia, vishimo viwili kwa mgonjwa, mikrolita 20 za alkali, dakika 10 kwenye nyuzi 37, kisha mikrolita 100 za kitendanishi na kusoma kwa dakika 40. Vumbi kidogo au ncha ya pipeti isiyothibitishwa kuwa haina glukani hutoa chanya ya uongo. Vishimo viwili vikitofautiana sana, rudia. Seramu yenye chembe nyekundu zilizopasuka, mafuta mengi au manjano kali huvuruga usomaji.

Kasoro kubwa ni kwamba sahani hiyo ina vishimo 96. Maabara husubiri sampuli zikusanyike, na jibu likachelewa. Penye wagonjwa wachache, toleo la Fungitell STAT, linalopima mgonjwa mmoja mmoja, linafaa zaidi.