Nimemsomea baba mashairi ya Heaney

Kitabu ni Opened Ground, mashairi ya Seamus Heaney ya kuanzia 1966 hadi 1996. Nimekinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, mmoja wa wale wanaotandaza turubai kando ya barabara hapa Dodoma mjini. Alianzia 25,000, tukamalizana kwa 15,000. Nilikifungua katikati nikiwa nimesimama juani, nikamkuta mtoto anamenya viazi na mama yake, wengine wote wameenda misani. Hawaongei. Viazi vinatumbukia kwenye ndoo ya maji, kimoja kimoja. Miaka mingi baadaye mama yuko kitandani anakata roho, padri anasali, watu wanalia, na yeye anachokumbuka ni vile vichwa vyao viwili vilivyoinamiana juu ya ndoo ile. Mistari 14 tu. Nikatoa hela.

Heaney alizaliwa tarehe 13 Aprili 1939 katika shamba liitwalo Mossbawn, Ireland ya Kaskazini, mtoto wa kwanza kati ya tisa. Baba yake alikuwa mkulima na mchuuzi wa ng'ombe. Hapo ndipo aliponikamata, kwa sababu baba yangu naye ametusomesha kwa ng'ombe wa mnada wa Msalato, na masika ikiingia anafunga maksai nira analima uwele na karanga.

Basi Jumapili moja nikaenda nacho nyumbani. Baba hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nasoma mstari, namgeuzia kwa Kiswahili, penye ugumu kwa Kigogo. Nilianza na "Digging". Mtu amekaa dirishani ameshika kalamu, chini anasikia baba yake anachimba bustanini, akili inamrudisha enzi za viazi, kisha kwa babu aliyekuwa akikata ule udongo mweusi wa kinamasi ambao kwao huukausha wakauchoma kama kuni. Mtoto anampelekea babu maziwa kwenye chupa iliyozibwa kwa karatasi, imezibwa ovyo. Baba akacheka. Sisi tulikuwa tunaziba kibuyu kwa gunzi la mahindi, na nilishawahi kuchapwa kwa kumwaga togwa njiani.

Kisha nikamsomea "Follower": baba analima kwa plau ya farasi, jicho limeelekea chini linapima mtaro, anageuza mwisho wa shamba kwa kuvuta hatamu mara moja tu, na mtoto anajikwaa nyuma yake. Baba akanikatisha. "Rudia hapo kwenye jicho, mama." Nikarudia. Akasema huyo kijana alikuwa anaangalia kweli, kwa sababu mwenye plau akitazama ng'ombe mtaro unapinda. Miaka yote niliyotangulia mbele na kiboko nikiwaongoza wale maksai, sikuwahi kujua yeye nyuma alikuwa anatazama wapi. Nimelijua kwa mshairi wa Ireland. Shairi linaishia baba amezeeka, sasa ni yeye anayejikwaa nyuma ya mwanawe na haondoki. Hapo baba hakusema kitu, na mimi nikafunga kitabu.

"Mid-Term Break" sikumsomea. Heaney alikuwa shule ya bweni mwaka 1953 mdogo wake wa miaka minne alipogongwa na gari akafa. Anafika nyumbani, wazee wanasimama wanampa mkono na pole, yeye mtoto, na aibu inamshika. Aliyewahi kuitwa bwenini kwa msiba atalielewa bila mwalimu.

Si kila ukurasa ulinipa raha. Yale mashairi ya miili ya kale iliyofukuliwa kwenye vinamasi vya Denmark niliyapita haraka; anayatumia kuzungumzia mauaji ya kwao Ireland ya Kaskazini, na kitabu hakikupi maelezo hata mstari mmoja. Yapo pia maneno ya kijijini kwao ambayo kamusi yangu haina. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tutaona vina vyake vingi havifungi sawasawa, vinakaribiana tu. Soma kwa sauti, sikio litazoea. Hotuba aliyoitoa alipopokea Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1995 imewekwa mwishoni. Mimi ningeanza nayo, inaeleza mtoto aliyekuwa akisikiliza redio jikoni Mossbawn.

Alifariki Dublin tarehe 30 Agosti 2013. Dakika chache kabla, alimtumia mkewe Marie ujumbe wa simu kwa Kilatini: usiogope. Akazikwa Bellaghy, karibu na alikozaliwa.

Lawama yangu ni kwa gundi. Muuzaji aliniapia kitabu kizima, lakini nilipofika nyumbani karatasi za mwanzo zilianza kuchomoka, ile ya "Follower" ikiwemo. Kabla hujalipa, kishike mgongo ukitikise. Zilizobaki nimezishona kwa uzi wa gunia. Ile ya plau baba aliiomba, ameiweka kwenye bahasha moja na vibali vyake vya kusafirishia mifugo.